Macho ya Nzi wa Manyoya

Kwa karibu miaka minne ya ujana wangu, kazi iliyonilisha ilikuwa kuwatia nzi macho. Nikisema hivyo leo wajukuu wangu hucheka, na siwalaumu, maana hata wakati ule watu wa Homa Bay walicheka. Hawakuwa nzi wa kweli. Walikuwa ndoana ndogo zilizofungwa manyoya ya kuku, nywele za mkia wa ng'ombe na uzi wa hariri mpaka zikafanana na mdudu au kisamaki kichanga. Zilikwenda kwa posta hadi Ulaya, ambako watu huvua kwa kujifurahisha. Sisi tuliozaliwa karibu na ziwa tulijua nyavu, mitego, na ndoana yenye nyungunyungu. Kumdanganya samaki kwa unyoya tuliona ni mchezo wa watu walioshiba.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kendu Bay, na sote tulimwita Fundi. Ujana wake aliumalizia Kericho akimtumikia mzungu mmoja aliyependa kuvua kwenye mito ya baridi ya kule. Mzungu huyo alimfundisha kufunga nzi ili apate mtu wa kumpunguzia kazi, na baada ya muda Fundi akawa anawafunga vizuri kumpita. Uhuru ulipokuja, mzungu akarudi kwao. Alimwachia Fundi majiliwa mawili ya kushikia ndoana, sanduku la nyuzi, na barua ya kumjulisha kwa mwenye duka moja la vifaa vya uvuvi huko Ulaya. Fundi akapanga chumba nyuma ya duka la nguo, akamwomba fundi chuma amtengenezee majiliwa mengine kwa kuiga yale mawili, kisha akaandika wanawake sita. Alisema vidole vya wanaume wa ziwani vimeshazoea kamba nene.

Mimi nilitoka Uriri, upande wa Migori. Nilikuwa nimemaliza shule bila kupata nafasi ya kuendelea, na nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza Fundi hakuniuliza cheti. Alinipa punje moja ya mchele, pini, na kijikopo cha rangi nyeusi.

"Tia nukta tatu hapo, zisigusane," akasema.

Nilitia tano. Akaisogeza punje karibu na dirisha, akaitazama, akaitazama tena.

"Wewe utakaa kwenye macho," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Macho ya nzi wetu yalichorwa kwa rangi ya mafuta. Nzi aliponifikia alikuwa amekamilika, ana mwili na mabawa, na kichwa chake ni uzi tu uliozungushwa ukakazwa, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kwanza nilitia nukta nyeupe kila upande kwa kichwa cha pini. Nyeupe ikikauka, natia nukta nyeusi katikati yake kwa ncha ya mwiba, maana pini ilikuwa nene mno kwa hiyo. Nyeusi ikikauka, nzi anapakwa vanishi kichwa kizima ili maji yasiingie. Kati ya rangi na vanishi Fundi alitaka siku nzima ipite, na mvua ikinyesha, siku mbili. Sheria hiyo aliirudia kila asubuhi, kama mtu anayesoma sala.

"Samaki hajali rangi gani," alizoea kutuambia. "Anachotaka ni kuona kitu kinachomtazama."

Hatukuweza kufungua dirisha. Upepo wa ziwa ungepeperusha manyoya, na pia kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi. Wakiingia hunata kwenye vanishi mbichi kwa mamia. Siku moja waliingia, tukatumia saa nzima tukiwabandua wadudu wa kweli kutoka kwa wadudu wa uongo. Kwa hiyo tulikaa ndani ya joto na harufu ya vanishi, na mtu akitaka kupiga chafya alitoka nje mbio.

Kopo la vanishi lilikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane kutoka kisiwa cha Rusinga. Alikuwa amenizidi miaka kama ishirini. Tulipanga chumba kimoja naye, tukapika chungu kimoja, nami nilimwita Mama kama nilivyomwita aliyenizaa. Watoto wake watatu walikuwa kisiwani kwa bibi yao. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Kosa lake moja ambalo kila mtu alilijua ni kwamba, mwaka wa kwanza, vanishi ilipokuwa nzito alii­zimua kwa mafuta ya taa badala ya tapentaini, na Fundi akagundua. Alikana kwanza, kisha akakubali kosa, akaonywa, na halikutajwa tena.

Mwaka wangu wa tatu, masika yakiwa yamekolea, tulipata agizo kubwa kuliko yote: nzi wakubwa wa kuvulia samaki wakubwa, kila mmoja mrefu kama kidole cha shahada, na barua ilisisitiza kwamba macho lazima yaonekane vizuri. Siku ya Alhamisi, nikiwa nimebakiza sinia mbili za mwisho, alikuja mtu wa kwetu aliyepanda basi kutoka Migori. Aliniita mlangoni.

"Mama yako anaumwa kifua," akasema. "Hali chakula. Baba yako amesema uje."

Nilimweleza Fundi. Akanijibu kwamba sinia zile mbili lazima ziingie kwenye kifurushi cha Jumamosi, na nikizimaliza niende mara moja. Nilitia nyeupe, nikapuliza kwa pumzi, nikatia nyeusi. Ijumaa asubuhi nilizigusa kwa ncha ya kidole. Juu zilikuwa kavu. Chini yake nilihisi ulaini, kama ganda la ugali lililoanza tu kushika. Nilijua maana yake. Mvua ilikuwa inanyesha na basi la Migori lilikuwa linaondoka saa nne. Nikachukua sinia zile, nikamwekea mjane mezani pake, nikamwambia, "Ziko tayari, Mama."

Yeye alizipaka vanishi kwa sababu aliniamini.

Nilimkuta mama yangu amelazwa katika zahanati ya misheni, anapigwa sindano. Siku ya nne akaomba uji. Siku ya sita aliniuliza kwa nini sijarudi kazini, na hapo nikajua amepona. Nilirudi Homa Bay nikiimba moyoni. Kifurushi kilikuwa kimekwenda, na zile sinia mbili nilizisahau kabisa.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua, na ndani ya bahasha kulikuwa na kiberiti. Fundi alikifungua mbele yetu sote. Mlikuwa na nzi wanne. Wawili walikuwa vipofu kabisa, mmoja alikuwa na jicho moja, na wa nne macho yake yalikuwa yametiririka kama wanja wa mtu aliyelia. Fundi alitusomea barua kwa Kiswahili, akitafsiri pole pole. Wavuvi wanarudisha nzi dukani. Si wote wabovu, lakini ni wengi, na mwenye duka hawezi kuwajua wabovu mpaka walowe. Anataka wengine badala yao, wenye macho yasiyotoka. Yakitoka tena, hataagiza kwetu kamwe.

Fundi alimtia yule mwenye jicho moja kwenye glasi ya maji. Tulisimama tukitazama. Haikuchukua muda, ngozi ya vanishi ikainuka na jicho likaelea peke yake juu ya maji.

Akamgeukia mjane. "Umetia mafuta ya taa tena?"

"Sikutia."

"Vanishi haiinuki hivi bila sababu."

"Fundi, sikutia."

"Ulisema hivyo hivyo mara ya kwanza, mpaka nikanusa kopo."

Fundi, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, hakuipaza hata siku hiyo. Alimwambia aende nyumbani apumzike mpaka atakapoitwa, na sote tulielewa kwamba hataitwa. Mama yule alifunga kanga yake nyingine na kikombe chake ndani ya kitambaa, akaiweka brashi ya vanishi kwenye tapentaini isije ikakauka, akatoka. Alipopita mezani pangu alinigusa bega na kusema, "Ubaki salama, mwanangu."

Na mimi nilinyamaza. Nimefikiria mara nyingi kwa nini. Niliogopa kufukuzwa, hilo ni kweli, lakini zaidi niliogopa zile nyuso tano zikinigeukia. Nilidhani nitamwambia mama yule baadaye, akiwa peke yake. Jioni nilirudi chumbani nikakuta ameshaondoka na lori la Mbita. Alikuwa ameniachia sufuria na nusu ya unga.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi sikula. Jumapili nilikwenda kanisani, na sikumbuki hata neno moja lililohubiriwa. Jumatatu nilifika karakana mapema, kabla ya wenzangu, nikamkuta Fundi anafagia manyoya.

"Fundi, ni mimi," nikasema.

"Naona ni wewe."

"Nasema macho. Ni mimi niliyeyaharibu. Mama hakutia mafuta ya taa. Zile sinia mbili nilimpa hazijakauka. Nilijua hazijakauka."

Aliacha kufagia. Alikaa kwenye kigoda, ufagio ukiwa magotini, akiyatazama manyoya.

"Ilikuwa wakati ule mama yako anaumwa?"

"Ndiyo."

"Na kweli alikuwa anaumwa?"

"Kweli, Fundi."

"Akapona?"

"Akapona."

"Basi hilo ni zuri," akasema. Kisha akainua uso. "Lakini mimi nimemfukuza mtu bure. Nimemwita mwongo mbele ya watu, mama mzima mwenye watoto. Kwa nini hukusema Ijumaa?"

Aliinuka, akanipa nauli, akasema, "Nenda ukamlete. Mwambie nimekosa. Asipokuja, wewe rudi hata hivyo uniambie alichosema, nami nitakwenda mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Maneno hayo yalinilemea kuliko matusi.

Nilipanda lori hadi Mbita, nikavuka kwa mtumbwi hadi Rusinga, nikaulizia njia. Nilimkuta ufukweni akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, amejifunga kanga kiunoni. Aliponiona alishtuka.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Mama."

Nikamweleza pale pale nikiwa nimesimama kwenye mchanga, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Yeye aliendelea kuanika. Aliwatandaza omena kwa viganja, akawageuza waliolundikana, akamfukuza kunguru. Nilipomaliza alikuwa amefika mwisho wa wavu.

"Nilijua si mimi," akasema hatimaye. "Njia nzima nilikuwa najiuliza, je, niliwahi kukosea kopo? Ijumaa, Jumamosi, jana. Nilianza kudhani nimezeeka, mikono yangu inafanya vitu bila kuniambia."

Alipangusa magamba mikononi. Halafu akapumua, pumzi ndefu iliyomshusha mabega, na nikaona kwamba nilichomletea, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa pia kitulizo.

"Umekula?" akaniuliza.

"Sijala tangu Ijumaa."

"Mjinga wewe. Ulidhani nitakula wewe?"

Nikaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Alinipeleka nyumbani, akanipa samaki aina ya ngege wa kuchemsha na ugali, na watoto wake wakanizunguka wakinitazama jinsi nilivyokula. Hakuniambia amenisamehe, wala hakuniambia atarudi. Nilipomuuliza alisema, "Leo nina omena," basi nikaenda kumsaidia kuwageuza mpaka jua likapungua. Asubuhi nilipoamka nilidhani itabidi nirudi peke yangu na jibu la hapana. Nikamkuta nje, ameshaoga, kitambaa chake kimefungwa, anamwelekeza mama mkwe wake mahali alipoweka chumvi.

Tulipoingia karakana, Fundi alisimama. Alivuta kigoda chake mwenyewe akakiweka mbele ya meza ya vanishi.

"Nimekosa, mama," akasema, na wenzetu wote wakisikia.

"Umekosa," akajibu yule mjane, akaketi.

Kisha akachukua mmoja wa wale nzi vipofu, akamgeuza geuza. "Hii rangi tutaibembeleza mpaka lini?" akauliza. "Kitu cha kubandika kitabanduka tu. Kwa nini jicho lisifungwe kwa uzi kama tunavyofunga bawa?"

Fundi akasema jicho litafungwaje, nukta haina mahali pa kushika uzi. Mjane akasema hajui, yeye ameuliza tu. Mimi ndiye niliyefikiria shanga, na si kwa akili nyingi. Kwetu Uriri, soko la ng'ombe la Ogwedhi halikuwa mbali, na akina mama wa Kimaasai waliokuja na waume zao kuuza ng'ombe walitandika ngozi chini na kuuza shanga za kioo. Nyingine zilikuwa ndogo kama mbegu za wimbi.

Fundi alinituma siku ya soko. Nilichuchumaa mbele ya mama mmoja mwenye shanga hadi masikioni na kumwomba nyeusi zile ndogo kabisa, zote alizonazo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na changu siku hiyo hakikumsaidia.

"Unafanya mkufu?" akauliza.

"Ninafanya macho."

"Macho ya nani?"

"Ya nzi."

Alimwita mwenzake aje anisikie. Walicheka mpaka wakashikana, lakini walinichagulia moja moja, wakizitupa zilizokuwa na ufa, na nilipoondoka yule mama alinionyesha jicho lake kwa kidole na kunikonyeza.

Haikuwa rahisi kama nilivyodhani. Shanga moja ikifungwa peke yake ilizunguka. Tukajaribu kupitisha mbili kwenye kipande cha waya mwembamba, moja kila mwisho, tukaulaza waya juu ya shingo ya ndoana na kuukaza kwa uzi ukipishana kama namba nane. Mara ya kwanza macho yalisimama upande kama ya mtu aliyelewa. Mara ya tatu ndoana ilinichoma chini ya ukucha. Siku ya pili mjane akanionyesha kuutia uzi nta kabla ya kuzungusha, ukashika. Kwa nzi wadogo shanga zilikuwa kubwa mno, wakawa kama vyura, kwa hiyo hao tuliendelea kuwapaka rangi. Hao walisubiri siku mbili kabla ya vanishi, mvua iwepo isiwepo. Sinia iliyokuwa ikisubiri niliiweka juu ya kabati nisiifikie kwa urahisi.

Tulipomaliza, Fundi aliwaloweka kumi kwenye karai tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tulikuwa tukipita na kuchungulia kama watu wenye mgonjwa ndani. Ijumaa akawatoa, akawavuta macho kwa koleo. Hayakutikisika. Kifurushi kikaenda na posta, na sisi tukabaki kusubiri. Katika majuma yale niliona kila kitu kikinitia hofu, hata kengele ya baiskeli ya tarishi.

Barua ilipokuja haikuwa na kiberiti ndani. Fundi aliisoma kwanza kimya kimya, midomo ikienda, na sisi sita tuliacha mikono hewani. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Anasema amewapokea," akaanza. "Anasema yeye mwenyewe aliwajaribu siku nzima kwenye mto wenye mawe. Anasema nzi mmoja alipoteza mkia, manyoya yakaisha, ikabaki ndoana na macho mawili yanamtazama." Hapo sauti ikamgeuka kidogo. "Anataka wengine mara mbili ya hao. Na anauliza hizi shanga tunazitoa nchi gani."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja wetu alikaa chini sakafuni, kwenye manyoya, akafunika uso kwa kanga. Mimi nilishika meza. Nilikuwa nimeishi miezi mingi nimebana pumzi bila kujua, na sasa iliachia, nikahisi njaa, nikahisi usingizi, nikahisi joto la kile chumba kama mtu aliyeingia mara ya kwanza.

Mjane peke yake ndiye aliyebaki na la kusema.

"Kuhusu vanishi amesema nini?" akauliza.

Fundi akaipitia barua yote tena kutoka juu mpaka chini, kwa heshima, mstari kwa mstari.

"Hakuitaja," akasema.

"Basi ni nzuri," akasema mama yule, akafungua kopo.

Nilimwomba Fundi ruhusa ya mchana ule, akanipa. Nilirudi chumbani, nikafungua dirisha upepo wa ziwa uingie utakavyo, nikalala hadi kesho yake.